Sakura, Juba na Maneno ya Kupukutika

Mwezi Novemba 2019 watu watano kutoka Sudan Kusini walifika Maebashi, makao makuu ya mkoa wa Gunma, mji uliokaa chini ya mlima Akagi, mwendo wa kilomita mia moja hivi kutoka Tokyo kuelekea kaskazini-magharibi. Wanne walikuwa wanariadha: Abraham Majok Matet Guem, mkimbiaji wa mita 1,500, Lucia Moris wa mbio fupi, Akoon Akoon Joseph wa mbio za kuruka viunzi, na Michael Machiek Ting Kutjang, mkimbiaji mwenye ulemavu wa mkono. Wa tano alikuwa kocha wao, Joseph Rensio Tobia Omirok. Walikwenda kujinoa kwa ajili ya michezo ya Tokyo iliyopangwa kufanyika katikati ya mwaka 2020, kwa sababu Juba hapakuwa na uwanja wa kumwandaa mtu kwa Olimpiki. Gharama zao ziliangukia mji wa Maebashi, na sehemu kubwa ilitoka kwa Wajapani wa kawaida, kupitia utaratibu unaomruhusu raia kuelekeza sehemu ya kodi yake kwenye mji anaotaka kuusaidia.

Walidhani ni miezi minane au tisa. Korona ikaingia, michezo ikasogezwa mwaka mzima mbele, nao wakabaki Maebashi hadi Agosti 2021. Ndani ya muda huo yaliwapitia majira mawili ya sakura, na mtu akichungulia kumbukumbu za maua hayo, zilizoanza kuwekwa miaka elfu moja na mia mbili iliyopita, atapata taabu kuona misimu miwili ya ajabu kama hiyo.

Hapa Munuki, upande wa magharibi wa Juba, ninapofundisha Kiswahili jioni, habari za wanariadha hao zinajulikana. Kila zinapotajwa darasani, swali la mbio hujibiwa upesi, linabaki swali la maua. Kwa nini watu wazima, wenye kazi zao, waache kila kitu wakakae chini ya mti kwa sababu umechanua? Na kwa nini wawe na neno la mti uliofunguka robo, la mti uliofunguka nusu, la petali zinazoruka na la petali zinazoelea majini? Wengi huchukulia kwamba Wajapani wamezaliwa hivyo, kwamba ni watu wa roho laini. Siamini. Maneno yale yana tarehe, na mengi yana mwenyewe: mfalme aliyeyataka, mkulima aliyeyawezesha, ofisa aliyeyapima, jemadari aliyeyateka.

Mwanzoni ua la heshima halikuwa hata sakura. Lilikuwa ume, mti wa jamii ya plamu ulioletwa kutoka China, unaochanua baridi ikiwa bado kali. Mwaka 730 mkuu wa Dazaifu, katika kisiwa cha Kyushu, Otomo no Tabito, aliwaalika wageni nyumbani kwake watazame ume na kutunga. Mashairi 32 ya karamu ile yaliingizwa katika Man'yoshu, mkusanyo mkongwe kuliko yote ya ushairi wa Kijapani, wenye mashairi yapatayo 4,500. Humo ume umetajwa zaidi ya mara mia. Sakura, mti wa porini wa nchi yenyewe, haifikii nusu ya hapo. Msomi wa zama zile alisoma Kichina, akavaa kwa kuiga China, na ua lake nalo lilikuwa la kigeni. Dibaji ya mashairi hayo ya Dazaifu ndiyo iliyotoa jina la enzi ya sasa ya Japani, Reiwa, iliyoanza tarehe 1 Mei 2019. Kwa kalenda ya wenyeji wao, basi, wanariadha wetu walifika mwaka wa kwanza, na mwaka huo umeitwa kwa karamu ya maua.

Mizani ilianza kugeuka Kyoto. Mwaka 812 Mfalme Saga alifanya karamu ya kutazama maua katika bustani ya Shinsen'en, na hiyo ndiyo karamu ya kwanza ya aina yake ya kifalme iliyoandikwa. Katikati ya karne hiyo ya 9, ume uliosimama mbele ya ukumbi mkuu wa jumba la mfalme ulipokufa, nafasi yake ikapewa sakura. Safari za kibalozi kwenda China nazo zilikuwa zikififia. Ulipotoka mkusanyo wa Kokinshu, mnamo 905, sakura ilishatawala, na polepole neno *hana*, yaani ua, likitajwa peke yake likawa na maana moja tu. Ukisema ua, umesema sakura. *Hanami*, kutazama maua, ni kutazama sakura.

Hapo ndipo msamiati ulipoanza kuzaa. Watu wa baraza la mfalme walikuwa na muda mwingi na kazi kidogo, na cheo kiliweza kupanda au kushuka kwa shairi moja. Sakura iliwafaa kwa sababu ina haraka. Kuanzia maua ya kwanza kufunguka hadi mti kujaa ni kama juma moja. Baada ya hapo mvua moja au upepo mmoja unatosha kumaliza shughuli. Anayetaka kumwandikia mwenzake barua hana budi aseme mti umefika wapi. Kuna *tsubomi*, tumba lililofumba bado. Kuna mti uliofunguka sehemu tatu katika kumi, *sanbuzaki*, na sehemu tano, *gobuzaki*. Mti ukijaa wote ni *mankai*. Kuna mawingu mepesi ya siku zile, *hanagumori*, na baridi inayorudi ghafla watu wakiwa wameshavua makoti, *hanabie*. Petali zikiruka kama theluji kwenye dhoruba ni *hanafubuki*. Zikitanda juu ya maji na kusafiri pamoja huitwa *hanaikada*, chelezo cha maua. Majani mabichi yakianza kuchomoza kati ya maua ya mwisho, mti ni *hazakura*, na wapo wanaoupenda hapo kuliko siku zote.

Wanafunzi wangu huvutiwa zaidi na vitenzi. Kwa Mjapani makini maua hayaanguki yote kwa namna moja. Sakura hupukutika. Ume humwagika, kama punje zinazovuja mkononi. Tsubaki, ua jekundu la majira ya baridi, hudondoka zima zima, kichwa kizima. Botan, ua kubwa na zito, hubomoka. Kiswahili kinabeba tofauti hizi bila shida: pukutika, mwagika, dondoka, bomoka. Vitenzi tunavyo. Kilichohitajika ni watu wanaolipwa kukaa na kuangalia.

Mtawa na mshairi Saigyo, aliyefariki 1190, alikuwa amewahi kutamani kwa shairi afe chini ya maua, mwezi ukiwa mpevu, na kifo chake kikaja karibu kabisa na siku aliyoitaja. Jambo hilo lilimjengea jina kuliko utunzi wake wote. Wenye upanga nao walisikia, na baada ya karne nne sakura ilikuwa imeshahamia kwao.

Toyotomi Hideyoshi, mtoto wa askari wa chini aliyepanda hadi akaiunganisha Japani, alikwenda kwenye milima ya Yoshino mwaka 1594 na msafara wa watu wapatao 5,000. Inasimuliwa kwamba mvua ilinyesha siku tatu mfululizo, naye akatishia kuuchoma mlima kama haitakoma. Iwe kweli au porojo, ndivyo watu walivyomjua. Mwaka 1598 alifanya karamu nyingine katika hekalu la Daigo, kusini-mashariki mwa Kyoto. Aliamuru miti kama 700 ing'olewe kwingine ipandwe njiani atakapopita, akaalika wageni 1,300 hivi, karibu wote wanawake, ambao walibadilisha mavazi ya hariri zaidi ya mara moja siku hiyo hiyo. Wakati huohuo majeshi yake yalikuwa Korea, katika vita alivyovianzisha 1592 na ambavyo vilikuwa vimeiteketeza nchi ile. Hideyoshi alikufa Septemba 1598, miezi mitano baada ya maua. Ukisoma maelezo ya Daigo yaliyojaa hariri na mashairi, Korea huioni popote. Tuliweke hilo akilini, tutalihitaji mbele.

Aliyewapa watu wa kawaida sakura ni shogun, yaani mtawala wa kijeshi, Tokugawa Yoshimune. Kuanzia 1720 aliamuru kilima cha Asukayama, pembeni mwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, kipandwe miche zaidi ya elfu moja, kisha akakifungua kwa umma. Alipanda pia kwenye kingo za mto Sumida, na wengine husema alitaka miguu ya wageni ishindilie tuta lisibomolewe na mafuriko. Huko Edo hanami ikawa pombe, ngoma, vifurushi vya chakula na ugomvi wa majirani kugombea mkeka. Wajapani wenyewe wana methali ya kujicheka, *hana yori dango*: vitumbua vya mchele kwanza, maua baadaye.

Methali hiyo ilinifaa siku moja. Mama mmoja anayeuza chai karibu na darasa letu, ambaye Kiswahili chake amekitoa kambini Kakuma, alisikiliza habari hizi zote akiwa anapuliza makaa, kisha akaniuliza, "Ustadh, na matunda yake yanaliwa?" Nilimjibu kwamba sakura wanayoisherehekea zaidi karibu haizai kabisa. Alinitazama kama mtu aliyepigiwa hesabu ya uongo. Mti wa kutunzwa, wa kuimbiwa, wa kufungiwa kazi, na hauzai?

Swali lake ndilo swali kubwa la habari hii, kwa sababu ule utasa una historia yake. Sakura iliyojaa Japani leo inaitwa Somei-Yoshino. Ilitoka kijiji cha Somei, kitongoji cha watunza bustani huko Edo, mnamo katikati ya karne ya 19. Ni chotara wa aina mbili za sakura, na haikuenea kwa mbegu. Kila mti umetokana na kijiti kilichokatwa kwenye mti mwingine na kubebeshwa juu ya shina jingine, kama wakulima wetu wanavyobebesha miembe. Kwa hiyo Somei-Yoshino wote, mamilioni, ni mti mmoja uliorudiwa. Ua lake halishiki mimba kwa chavua ya ndugu yake, kwani ndugu ni yeye mwenyewe. Lakini kwa kuwa ni mmoja, wote waliosimama kwenye joto moja hufunguka pamoja na kupukutika pamoja. Sakura za zamani, za mlimani, zilichanua kila moja kwa siku yake, majani na maua yakichanganyika, na msimu ulichukua mwezi. Somei-Yoshino huchanua kabla ya majani, mtaa mzima kwa siku mbili tatu.

Serikali ya Meiji, iliyoshika nchi 1868, iliupenda mti huu mno. Ulikua haraka, ulipatikana rahisi, ukapandwa kwenye shule, kambi za jeshi, kingo za mito na makaburi ya mashujaa. Taifa jipya lililotaka raia wote wawaze kwa pamoja lilipata mti unaochanua kwa pamoja. Sioni kama ni bahati tu.

Na mti wa namna hiyo unapimika. Tangu miaka ya 1950 hadi 2009 Idara ya Hali ya Hewa ya Japani ilitoa utabiri wa siku ya kuchanua, na hadi leo watumishi wake hukagua mti maalumu katika kila kituo. Maua matano au sita yakifunguka, hutangaza *kaika*. Yakifika asilimia 80, hutangaza *mankai*. Mstari wa kuchanua unaopanda kutoka kusini hadi kaskazini wameuita *sakura zensen*, na *zensen* ni neno lilelile la mstari wa mbele wa vita. Kuna hata kanuni ya mkono: jumlisha joto la juu la kila siku kuanzia tarehe 1 Februari, jumla ikifika nyuzi 600, sakura za Tokyo zitafunguka. Darasani tulilifanyia Juba hesabu hiyo. Kwa joto letu la Februari, la nyuzi 37 hivi mchana, tungemaliza 600 kabla ya tarehe 20. Ila mti wenyewe usingesikia. Matumba ya sakura hufanyika kiangazi cha mwaka uliotangulia, kisha hulala. Yanahitaji majuma ya baridi kali ndipo yaamke. Pasipo baridi hakuna usingizi, na pasipo usingizi hakuna kuamka.

Kilichofuata karne ya 20 ndicho kinachonifanya niyashike maneno haya kwa vidole viwili. *Sange* lilikuwa neno la Kibudha, kutawanya petali mbele ya Buddha wakati wa ibada. Vita vilipokolea likawa neno la heshima la askari kufa vitani. Vijana waliambiwa wapukutike kama sakura, upesi, bila kung'ang'ania tawi. Mwanzoni mwa 1945 jeshi la majini lilianza kutumia ndege ndogo iliyojazwa baruti, yenye rubani asiyerudi, iliyoangushwa kutoka chini ya ndege kubwa. Iliitwa *Ohka*, ua la sakura, na ubavuni ilichorwa ua hilo. Wengi wa marubani waliotolewa kwa kazi za namna hiyo walikuwa vijana wadogo, wengine wameng'olewa vyuoni wakiwa na vitabu vya falsafa mkononi. Ua lililoimbwa kwenye barua za Kyoto lilikuwa limefanywa shuka la kufunikia maiti.

Baada ya vita katiba mpya, katika kifungu cha 9, iliikataza Japani kupigana. Kwa sababu ya kifungu hicho, habari hii inafika Juba.

Sudan Kusini ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Januari 2012 wahandisi wa Jeshi la Kujilinda la Japani walianza kuwasili chini ya ujumbe wa Umoja wa Mataifa, wakapiga kambi Tomping, karibu na uwanja wa ndege. Baadaye walikuwa wapatao 350 kwa zamu. Walichonga barabara, wakasawazisha viwanja, wakachimba mitaro, kazi ambayo mji wetu uliihitaji na bado unaihitaji. Desemba 2013 vita vikalipuka Juba, na katika mitaa ya Gudele na Munuki raia Wanuer walisakwa nyumba kwa nyumba na kuuawa. Taarifa za tume ya Umoja wa Afrika zimeyaandika hayo. Julai 2016 moto ukawaka tena kwa siku nne, mizinga na helikopta, watu zaidi ya 300 wakafa, na risasi zikapita karibu na kambi ya Wajapani.

Wanajeshi wale waliandika shajara ya kila siku, kama kawaida ya jeshi. Humo waliandika kwamba Juba kuna *sento*, mapigano ya kivita. Kisheria neno hilo lilikuwa bomu, maana pakiwa na mapigano ya kivita Wajapani hawana ruhusa ya kuwepo. Shajara zilipoombwa na mwandishi wa habari, jibu likawa zimeshaharibiwa. Baadaye zikaonekana. Februari 2017 waziri wa ulinzi, Inada Tomomi, alilieleza Bunge kwamba yeye husema "makabiliano ya silaha" kwa sababu neno lile lingeleta tatizo na kifungu cha 9. Wahandisi waliondoka wote kufikia mwisho wa Mei 2017, na Julai waziri akajiuzulu.

Sisemi haya kuwasimanga Wajapani. Daraja lao la Uhuru, la mita 560 juu ya Nile, lililofunguliwa Mei 2022, linapitisha malori kila siku. Ninachokiona ni kwamba lugha iliyopata neno la mti uliofunguka sehemu tatu katika kumi ilikosa, pale serikalini, ujasiri wa kulitamka neno moja la kilichokuwa kikitokea mitaani kwetu. Kama karamu ya Daigo, ambayo haikuiona Korea.

Maneno lakini hayakai na wenye mamlaka peke yao. Februari 2005 Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, miezi miwili baada ya kupokea Tuzo ya Nobel, alialikwa Japani, akakutana na neno *mottainai*, linalotamkwa na bibi yeyote anayeona punje ya wali imeachwa sahanini: ni hasara, ni kukosa shukrani. Alilibeba hadi Umoja wa Mataifa mwezi uliofuata na kulifanya neno la mazingira. Wajapani wengi vijana walilisikia upya kutoka kwa mama wa Nyeri.

Nadhani Maebashi ilikuwa mkondo huohuo. Ni mji unaojiita wa maji, kijani na ushairi, kwa kuwa hapo alizaliwa, mwaka 1886, Hagiwara Sakutaro, aliyeutoa ushairi wa Kijapani kwenye lugha ya baraza na kuuleta kwenye lugha ya mdomoni. Wanariadha walisoma Kijapani mjini humo, na maneno ya mdomoni ndiyo waliyofundishwa. Mwezi wa Machi 2020 ulipofika, msimu ulianza mapema kuliko wakati wowote tangu vipimo vya kisasa vianze: Tokyo ilitangaza *kaika* tarehe 14, na siku hiyohiyo theluji ikaanguka. Tarehe 24 Olimpiki zikaahirishwa. Gavana wa Tokyo akawaomba watu wasikusanyike chini ya miti, njia za bustani ya Ueno zikafungwa, na tarehe 7 Aprili hali ya dharura ikatangazwa Tokyo na mikoa mingine sita. Miti ikajaa na kupukutika karibu bila watazamaji, katika nchi iliyoyatazama maua hayo tangu 812. Maebashi iliwaambia wageni wake wabaki. Wananchi wakaendelea kuchanga.

Mwaka wa pili ulipita wa kwanza. Tokyo ilirudia tarehe 14 Machi. Kyoto ilifika *mankai* tarehe 26 Machi 2021. Profesa Aono Yasuyuki wa Osaka alikuwa amepekua shajara za wafalme, watawa na makabaila, akaunganisha tarehe za kujaa kwa sakura za Kyoto kwa miaka 1,200. Hadi wakati huo, katika orodha yake hapakuwa na mwaka ambao maua yalijaa mapema zaidi. Iliyokaribia zaidi ilikuwa 1236, 1409 na 1612, tarehe 27. Karamu za mabwana wale wasio na kazi zimekuwa kumbukumbu ndefu ya joto la dunia, jambo ambalo hakuna aliyelikusudia. Waliandika siku ya ua ili waalikane. Sisi tunasoma humo jinsi majira ya baridi yanavyofupishwa.

Michezo ilifanyika Julai na Agosti 2021. Sudan Kusini iliwakilishwa na wawili tu, Guem na Moris. Lucia Moris aliumia katika mchujo wa mita 200 akatolewa kwa machela. Siku iliyofuata, tarehe 3 Agosti, Abraham Guem alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 40.86, rekodi mpya ya nchi yake, na haikutosha kumvusha kwenda nusu fainali. Wajapani wana msemo wa telegramu za zamani za matokeo ya mitihani: sakura imechanua, yaani umefaulu, sakura imepukutika, yaani bado. Sijui Maebashi walitumia upi siku hiyo. Mimi ningetumia wa kwanza.

Darasani sikutaka wanafunzi waondoke wakidhani mti wa kuhesabiwa hatua ni wa Wajapani peke yao. Nikaandika ubaoni: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Tunda moja la mnazi, majina matano, kila moja na umri wake, na mtu wa pwani hakosei kati ya kitale na dafu wala kati ya dafu na koroma. Tofauti ni kwamba sisi tumehesabu kinachoingia tumboni. Baraza la Kyoto lililishwa na wengine, likabaki na nafasi ya kuhesabu kisicholiwa. Mama wa chai, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alikubali hoja hiyo kuliko zote nilizowahi kumpa.

Ndipo mwanafunzi mmoja, anayetoka upande wa Lainya, akasema kwamba kwao ua linaloangaliwa ni la lulu, mti wa mafuta unaochanua kiangazi, kati ya Desemba na Februari, majani yakiwa yamepukutika. Maua yake si ya kupendeza sana, mafungu ya rangi ya maziwa kwenye ncha za matawi, lakini nyuki huyajaa, na kokwa zake ndizo mafuta ya mwaka mzima, ya kupikia na kupaka mwilini, na sehemu ya karo. Wakati huohuo ndio wa kuchoma nyasi, na moto ukipita chini ya mti wenye maua, msimu wa kokwa umekwisha kabla ya kuanza. Kwa hiyo wanawake wenye miti yao huhesabu siku za ua kwa makini ya mtu wa Idara ya Hali ya Hewa, ili waseme ni lini moto uruhusiwe. Mwenzake wa kutoka Magwi akabisha: kwao huchoma mapema, nyasi zikiwa bado na unyevu, maua yanakuta moto umeshapita. Wakabishana kuhusu tarehe hadi mwanga ukaisha, kila mmoja akitaja hatua za ua kwa lugha ya nyumbani kwao, nami nikaandika nilichoweza kukisikia.